Vitundu, unga laini na njia ya udongo: kabati la vitabu vya marehemu baba

Swali: Shikamoo mzee. Natoka Tanga. Baba yangu alifariki mwezi wa pili, ameacha makabati mawili ya vitabu, havipungui mia nne: vitabu vya shule alivyofundishia, magazeti aliyoyajalidi, vitabu vya dini, na msahafu mmoja wa mkono uliotoka kwa babu yake. Masika yote hatukufungua. Wiki iliyopita nimefungua nikakuta vitundu vidogo vya mviringo kwenye migongo ya vitabu, na unga laini kama wa muhogo umemwagika rafuni. Kuna pia vidudu vya kung'aa vinavyokimbia ukiinua kitabu, na nyuma ya kabati moja njia ya udongo imepanda ukutani. Jirani anasema nivianike juani siku tatu. Mjomba ameleta vidonge vya kufukizia mahindi, anataka tuvitie kabatini tufunge milango wiki nzima. Dada anasema majani ya mwarobaini yanatosha. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Kabla ya yote, vile vidonge visikae ndani ya nyumba. Kama kopo bado limefungwa, litoe nje uliweke mahali pakavu, penye kufuli, mbali na watoto na mifugo, kisha mrudishieni aliyewauzia au muoneni bwana shamba awaelekeze. Msivimwage chooni wala kwenye maji. Kama kopo limeshafunguliwa ndani, tokeni wote, muache milango wazi, asirudi mtu kulala humo. Vidonge hivi vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya sumu iitwayo fosfini. Shehena ya mahindi hufunikwa turubai, watu hukaa mbali, na aliyefunzwa ndiye anayefungua na kupitisha hewa. Chumba cha nyumba ya watu hakifungiki hivyo. Gesi hupita chini ya mlango na kwenye nyufa, humkuta mtu amelala, na hakuna dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Akiumwa kichwa, akitapika au kubanwa kifua mtu aliyekuwa karibu navyo, ni hospitali moja kwa moja, na mwambieni daktari ni vidonge gani. Mjomba anataka kusaidia, najua. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie leo.

Sasa tuje kwa wadudu. Kwa maelezo yako una wa aina tatu, na kila mmoja ana tabia zake. Makosa mengi niliyoyaona katika kazi hii ya kujalidi na kutunza vitabu huanzia hapo: mtu anatafuta dawa ya wadudu kabla hajajua ni mdudu gani.

Njia ya udongo ni ya mchwa, na hao ndio wa kuanza nao, kwa sababu wanamaliza kitabu huku mgongo wake ukiwa bado unakutazama. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja kuangalia madaftari ya kumbukumbu. Yalikuwa yamepangwa vizuri, migongo ya kitambaa imenyooka, na mtunzaji alikuwa akiipangusa kila Jumatatu. Nikavuta moja. Lilikuwa jepesi kama boksi tupu la kiberiti. Jalada la mbele zima, la nyuma zima, kingo za kurasa zimebaki kama fremu, na katikati ni udongo mkavu wenye vijia. Rafu nzima ilikuwa hivyo. Kwa hiyo usiviamini vitabu vya kabati lile kwa kuvitazama. Kila kimoja kitoke, kifunguliwe katikati.

Anza na rafu ya chini. Hamishia vitabu chumba kingine, juu ya meza, visiguse ukuta. Kisha rudi kwenye ile njia ya udongo, bomoa kipande cha urefu wa kidole katikati, uache cha juu na cha chini. Kesho au keshokutwa ukikuta wameziba, ujue bado wamo na wanafanya kazi. Mchwa hawa wanategemea unyevu wa ardhini, ndiyo maana hujijengea mtaro wa kupita. Ukikitoa kitabu, ukakikung'uta nje na kukiacha kivulini kikauke, wale waliobaki ndani wametengwa na kichuguu chao na hawataendelea. Kitabu hakihitaji kupuliziwa sumu. Wa kutibiwa ni ukuta na msingi: tafuta bomba linalovuja, maji ya paa yanayomwagikia msingini, maboksi na mbao zilizoegemezwa nje. Mwite fundi wa wadudu mwenye leseni atibu udongo kwa nje, naye afanye kazi hiyo vitabu vikiwa vimeshaondoka. Na kabati lenyewe ulitazame mgongoni. Mvule na msaji hustahimili mchwa vizuri, lakini makabati mengi yana mgongo wa ubao mwembamba wa kubandika, na hapo ndipo wanapopita.

Vitundu na unga ni habari nyingine. Anayefanya vile ni mbawakawa mdogo wa kahawia nyekundu, milimita 2 hadi 3, ambaye ukimgusa hukunja miguu na kujifanya amekufa. Wengi humwita fukusi, kwa jina la yule wa mahindi, lakini huyu ni wa ukoo mwingine. Wanaokutwa mara nyingi kwenye vitabu vya nchi za joto ni wawili, Lasioderma serricorne na ndugu yake Stegobium paniceum. Jike hutaga mgongoni mwa kitabu au kwenye maungio ya jalada, panapokuwa na gundi ya unga wa ngano. Buu anayeanguliwa ni mweupe, amejikunja kama herufi C, na ndiye mlaji. Anatoboa kutoka kwenye gundi kuingia kwenye karatasi, anajaza njia kwa unga wa kinyesi chake, na akishakomaa hujigeuza karibu na uso wa kitabu, akatafuna kitundu na kutoka. Kitundu unachokiona ni mlango wa kutokea. Aliyekitoboa ameshaondoka. Swali ni wangapi wamebaki ndani, na katika joto la pwani kizazi kimoja huweza kukamilika ndani ya miezi miwili.

Kuna namna ya kujua. Tandika shuka jeupe kwenye meza nje, kivulini. Shika kitabu wima, mgongo chini, ukigonge kwa kiganja mara tatu. Kikitoa unga, kipanguse kwa brashi laini ya rangi, uukung'utie nje usiuvute puani, na uvae barakoa kwa sababu baada ya masika hapakosi ukungu. Kisha kilaze peke yake juu ya karatasi nyeupe, uandike tarehe kwa penseli pembeni. Baada ya wiki mbili inua. Ukikuta vilima vidogo vya unga mpya, kitabu kina wakazi. Pasipo unga, huenda ni jeraha la zamani, pengine la miaka ishirini, wakati baba bado anafundisha. Endelea kukichungulia kwa wiki kadhaa, maana buu mdogo bado yuko ndani kabisa na hatoi unga nje.

Halafu nenda jikoni. Sikutanii, mwanangu. Hawa wawili hula bizari, pilipili kavu, unga, tambi, biskuti, tumbaku, hata maua makavu ya mapambo. Mara nyingi kiota kiko kwenye kopo la bizari lililosahauliwa nyuma ya stoo, na kabati la vitabu ni mahali pa pili tu. Ukimaliza vitabu bila kulitupa lile kopo, utarudi hapa mwakani na swali lile lile.

Kwa vitabu vyenye wakazi, dawa ninayoiamini kuliko zote ni baridi. Mwaka 1977 maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, iligundua mbawakawa ndani ya vitabu vyake adimu. Badala ya kufukiza gesi wakafuata ushauri wa mtaalamu wa wadudu Charles Remington, wakavigandisha vitabu kwa nyuzi 29 chini ya sifuri kwa saa 72. Toka hapo maktaba na makumbusho nyingi zimefuata njia hiyo. Wewe huna mtambo wa namna ile, lakini friza ya kawaida inayofika nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri inaiweza kazi, ila kwa muda mrefu zaidi.

Fanya hivi. Kitabu kiwe kikavu. Kifunge kwa karatasi safi nyeupe, kisha kwa nailoni nzito ile inayouzwa kwa mita, bonyeza hewa itoke, bandika kingo zote kwa gundi ya utepe pasibaki mwanya. Utepe uguse nailoni tu, usiguse kitabu. Vipange kwenye friza bila kuvibana, baridi ipite katikati. Viache wiki nzima. Vitoe, vikae siku moja au mbili ndani ya nailoni zao, kisha virudi wiki nyingine. Duru ya pili ni kwa ajili ya mayai na mabuu waliohimili ya kwanza, kwa kuwa friza ya nyumbani hugandisha polepole na mdudu hupata nafasi ya kujizoesha. Umeme ukikatika hadi barafu ikaanza kuyeyuka, anza kuhesabu upya. Na ukivitoa mwisho, usifungue nailoni kabla ya saa 24. Utaona matone ya maji nje ya nailoni, kama kwenye chupa ya soda. Ukifungua mapema, matone hayo yatatua kwenye karatasi.

Vitabu mia nne haviingii kwa mkupuo. Tenga mafungu matatu: vyenye unga, vilivyokuwa jirani navyo kwenye rafu ile ile, na vya kabati ambalo halina dalili. Fungu la kwanza na la pili viende kwenye friza kwa zamu. Vinavyosubiri zamu vifunge kwenye nailoni ili wazima wasiruke kwenda kwingine, lakini isizidi wiki mbili tatu. Kwa unyevu wetu wa pwani, kitabu kilichofungiwa miezi kwenye nailoni huota ukungu.

Wale wa kung'aa wanaokimbia, wenye umbo la samaki na mikia mitatu myembamba, hawatoboi. Wanakwangua. Ukikuta karatasi imepungua unene kwa mabaka, maandishi ya jalada yameliwa juu juu, lebo ya mgongoni imebaki vipande, ni wao. Wanapenda uwanga, gundi na giza lenye unyevu. Kuwagandisha ni kupoteza nafasi ya friza. Ukikausha chumba na kupangusa kila rafu, wengi watahama au kufa wenyewe. Ukiona na vidudu vidogo mno, vyeupe, vya milimita moja, vinatembea juu ya kurasa, usivihangaikie. Hao ni chawa wa vitabu, wanakula ukungu, na kuwapo kwao kunakuambia tu kwamba pale pana maji hewani.

Tuseme la jua. Jirani yako anafuata desturi ya watu wengi, na kwa nafaka ni desturi nzuri. Kitabu si nafaka. Jua la Tanga litakunja jalada, litakausha gundi mpaka mgongo upasuke, na litafifiza wino. Buu naye, akihisi joto upande mmoja, anaingia ndani zaidi ambako hapajapata moto. Kupunga hewa kivulini ni jambo jingine kabisa, na huu msimu wa kusi, mvua zikishapungua na upepo ukiwa mkavu kidogo, ndio wakati wake. Weka vitabu vimesimama, kurasa zimefunguka kama kipepeo, kwenye baraza yenye upepo, asubuhi saa tatu hadi saa kumi jioni, kisha virudi ndani kabla ya unyevu wa usiku.

Mwarobaini hautadhuru ukikaushwa vizuri na kutiwa kwenye kifuko cha kitambaa pembeni mwa rafu. Usiuweke katikati ya kurasa, kwa kuwa jani huacha doa na lenyewe huweza kuja na mdudu. Lakini mwambie dada kwamba kiumbe anayeishi ndani ya kopo la pilipili kavu hatafukuzwa mgongoni mwa kitabu na harufu ya majani. Vidonge vyeupe vya nondo sitaki uviweke kabisa. Haviui mabuu ndani ya kitabu, na mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hali ambayo ni ya kawaida katika sehemu zenye malaria kama kwetu. Mtoto anaweza kuwa nayo bila mtu nyumbani kujua. Mafuta ya taa na dawa za kupuliza za mende, vivyo hivyo, visiguse karatasi.

Kuna sumu nyingine ambayo huenda tayari imo. Mafundi wengi wa zamani walichanganya mrututu kwenye uji wa ngano wa kujalidia ili wadudu wasile. Ukiona rangi ya kijani au buluu kwenye maungio ya magazeti aliyoyajalidi baba, ni huo. Nawa mikono baada ya kuyashika, na usilambe kidole kufunua kurasa. Mimi mwenyewe niliuacha siku nyingi, maana shaba iliyomo huila karatasi taratibu. Kadhalika, vitabu vya zamani vilivyonyunyizwa unga mweupe wa dawa huonekana mara kwa mara. Kama unga uliouona unateleza na una harufu ya dawa, usiupulize wala usiupanguse bila barakoa.

Ukishawaondoa wadudu, kilichobaki ni unyevu, na hapo ndipo utaishi napo miaka yote. Nunua kipima unyevu kidogo cha kuweka rafuni. Kikisoma zaidi ya asilimia 70 siku nyingi mfululizo, ukungu na wale wakwanguaji watarudi. Ukiweza kuubakiza chini ya 60 umefanya kazi kubwa, na pwani si rahisi. Sogeza makabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, hasa kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, maana kuta zile hushika chumvi na kunyonya maji. Inyanyue rafu ya chini kutoka sakafuni walau sentimita 10. Toboa matundu mgongoni mwa kabati hewa ipite, uyazibe kwa wavu mwembamba. Usivibane vitabu mpaka visitoke. Feni inayozunguka polepole kila siku inafaa kuliko kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku, kwani kule kupoa na kupata joto ndiko kunakoleta umande kwenye jalada.

Nimeuacha msahafu mwishoni kwa makusudi. Usiupeleke kwenye friza kwanza. Uweke juu ya kitambaa safi, uufungue kiasi unachokubali wenyewe bila kuulazimisha, utazame wino kwa mwanga wa pembeni. Wino wa zamani mara nyingi ni wa masizi na gundi ya mti, na hauvumilii maji hata kidogo, hivyo usipanguse kwa kitambaa kibichi. Kama wino au rangi nyekundu ya mapambo inabanduka vipande, acha hapo hapo. Ufunge kwa kitambaa cha pamba, utie kwenye boksi peke yake, uwasiliane na Nyaraka za Taifa Zanzibar kabla ya mtu mwingine kuugusa. Wao wana hazina ya vitabu vya mkono vya Kiarabu iliyoingizwa mwaka 2003 kwenye rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Kama wino ni mzima na kuna unga, kugandisha hakuna ubaya. Naelewa kama moyo unasita kuutia msahafu kwenye friza ya samaki. Osha friza, uwe wenyewe siku hizo, juu ya kitambaa, umefungwa vizuri.

Ukiufungua, tazama ukurasa wa kwanza au wa mwisho. Katika vitabu vingi vya mkono vya Kiarabu utakuta yameandikwa maneno ya kumwomba "Kabikaj" awazuie wadudu. Asili yake ni jina la mmea uliodhaniwa kuwafukuza, na baadaye waandishi wakalitumia jina lenyewe kama kinga. Ukilikuta usilifute, wala usimruhusu fundi alikate wakati wa kujalidi upya.

Vitundu usivizibe. Selotepu isikaribie. Jalada lililoachia lifunge kwa utepe wa pamba, fundo liwe upande wa kurasa na si mgongoni. Vipande vya karatasi vilivyodondoka weka kwenye bahasha, andika kwa penseli kitabu na ukurasa vilikotoka, uiache pamoja na kitabu chake. Mwezi wa tisa, kabla ya vuli, tandika tena lile shuka jeupe, gonga kila mgongo mara tatu, na vile visivyotoa unga virudishe kabatini kwa mpangilio aliouacha baba.